Migongo ya Ukutani: Historia ya Mistari ya Mapambo Ndani ya Nyumba katika Maziwa Makuu

1. Utangulizi

Historia ya nyumba katika eneo la Maziwa Makuu imeandikwa zaidi kutoka nje. Wasafiri wa karne ya 19 walichora mapaa na kueleza ukubwa wa majumba ya wafalme. Maafisa wa kikoloni waliofuata walihesabu nyumba kwa ajili ya kodi na kuzipanga kando ya barabara. Ukuta wa ndani haukuwashughulisha sana, kwa kuwa mgeni hupokewa barazani, na kwa kuwa aliyeupamba ukuta huo mara nyingi alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyemhoji. Matokeo yake ni kwamba tunajua mengi kuhusu umbo la nyumba zetu na machache kuhusu kile ambacho wenye nyumba walikitazama kila siku walipokaa, walipokula na walipougua.

Makala haya yanakusudia kufuatilia jambo dogo ndani ya historia hiyo: mstari wa mapambo uliochorwa, uliopakwa au uliofinyangwa kwenye ukuta wa ndani. Mahali tunapotazamia ni Luofu, katika utawala wa Batangi, wilaya ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo nchi ya Wanande (Wayira) inakaribiana na nchi ya Rutshuru. Mtu akisimama Luofu na kuelekea kusini-mashariki, kupitia Rutshuru na kuivuka Rwanda yote, atafika Gisaka, ambako sanaa ya mistari ya ukutani ilikomaa kuliko popote pengine katika eneo letu. Akielekea mashariki, ng'ambo ya Ziwa Edward, atafika Ankole, ambako ndugu wa sanaa hiyo walipatikana katika nyumba za wafugaji. Na katika Luofu yenyewe, kama katika Butembo na Beni, kuna mstari wa aina nyingine uliokuja na matofali, misheni na shule. Hoja yetu ni kwamba mistari hii ni ushahidi wa historia unaostahili kusomwa, na kwamba ushahidi huo hauishi ndani ya udongo bali ndani ya watu wanaojua kuufanya upya. Ukweli huu una uzito wa pekee katika nchi ambayo nyumba zake zimechomwa mara nyingi.

2. Msamiati wa mstari

Ni vyema kuanza na maneno, kwa sababu lugha huhifadhi mambo ambayo kuta hazikuweza kuyahifadhi. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kitu ambacho mtu wa haraka angekiita mstari tu. Mstari wenyewe ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lina uhusiano na maandishi: ni mstari wa kitabu kabla ya kuwa mstari wa ukuta. Mfuo ni mstari uliokwaruzwa au kuchimbwa kidogo, ule ambao kidole kinaweza kuufuata hata gizani. Mlia ni mstari wa rangi juu ya rangi nyingine, na kila mtoto aliyewahi kumtaja punda milia amelitumia neno hilo. Taraza ni ukingo uliofumwa kando ya nguo, na pindo ni ukingo wa kanga unaouzunguka mji wake. Ukuta uliopigwa mstari karibu na dari unafuata fikra ileile ya pindo: kitu huonekana kimekamilika pale ukingo wake unapotambulika.

Neno lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni ngeu. Ngeu ni udongo mwekundu ambao maseremala huutumia kupigia mstari. Kamba hupakwa udongo huo, huvutwa ikanyooka kati ya ncha mbili, kisha huinuliwa katikati na kuachiliwa; inapopiga ubao au ukuta huacha mstari mwembamba usiopinda. Hapa rangi, chombo na tendo vimekusanyika katika neno moja. Linatukumbusha kwamba udongo mwekundu ulikuwa chombo cha kupimia kabla ya kuwa pambo, na kwamba mstari wa fundi na mstari wa mpambaji vina mama mmoja.

Kitendo cha kuufanya ukuta nacho kina maneno yake. Pwani, nyumba ya miti na udongo hukandikwa, na ukuta wake huitwa kiambaza. Kongo ya mashariki watu husema nyumba ya potopoto, na rangi hupakalwa pale ambapo watu wa pwani wangesema hupakwa. Tofauti hizi si makosa ya kusahihishwa. Zinaonyesha kwamba kila jamii ilipata maneno yake kutokana na kazi ya mikono yake.

Neno la mwisho ni mgongo. Katika Kiswahili mgongo si sehemu ya mwili tu. Tunasema pia mgongo wa mlima na mgongo wa paa, yaani mwinuko mrefu mwembamba. Mzizi huo umeenea katika lugha za Kibantu: Kiganda na Kinande husema omugongo, Kinyarwanda umugongo, na wingi wake katika Kinyarwanda ni imigongo. Hilo ndilo jina la mapambo ya ukutani ya Gisaka. Msomaji wa Kiswahili halihitaji litafsiriwe: ni migongo.

3. Gisaka: mstari ulioinuka

Gisaka ilikuwa ufalme katika kusini-mashariki ya nchi inayoitwa leo Rwanda, karibu na mto Akagera. Ilikuwa na wafalme wake hadi katikati ya karne ya 19, ilipotekwa na ufalme wa Rwanda. Hata baada ya kutekwa, watu wake waliendelea kujitambua kuwa wa Gisaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mabwana wa Ulaya waliigawa upya nchi hii: mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliiweka Gisaka upande wa Waingereza, waliotaka njia ya reli, na mwaka 1924 ilikuwa imekwisha kurudishwa chini ya Wabelgiji. Nchi iliyobadilishwa mikono namna hiyo ilikuwa na sababu ya kushika kwa nguvu kile kilichokuwa chake, na mapambo ya kuta yalikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Masimulizi ya jadi yanasema kwamba sanaa hii ilianzishwa na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyependa usafi na urembo wa nyumba yake. Masimulizi hayo yanastahili heshima, na yanastahili pia kuulizwa swali. Wanaojulikana kuifanya kazi hii kizazi baada ya kizazi ni wanawake, mama akimfundisha binti. Hata hivyo jina lililohifadhiwa ni la mwana wa mfalme. Kawaida hii tunaijua pia katika fani nyingine za historia simulizi: kazi ya wengi wasio na vyeo hupewa mwanzilishi mwenye cheo ili ipate nafasi katika kumbukumbu za ufalme. Kwa hiyo jina la Kakira linatueleza namna sanaa hiyo ilivyoheshimiwa kuliko linavyotueleza ilivyozaliwa.

Utaratibu wa kazi wenyewe ni huu. Mchoraji huanza kwa kuchora umbo kwa mkaa juu ya ukuta uliosawazishwa. Hukanda samadi mbichi ya ng'ombe pamoja na majivu, ambayo huondoa harufu na kuzuia wadudu. Kisha hubandika mchanganyiko huo kwa vidole, akifuata mistari ya mkaa, mpaka unyanyuke tuta jembamba. Tuta hilo ndilo mgongo. Likikauka husuguliwa hadi likawa laini, ndipo rangi zipakwe. Nyeupe hutokana na udongo mweupe, nyekundu na udongo wa kutu. Nyeusi ina mapishi marefu zaidi: masizi ya maganda ya ndizi yaliyochomwa huchanganywa na utomvu wa mshubiri na maji ya tunda la jamii ya tunguja, ili rangi ishike na ing'ae kidogo. Maumbo yanayopatikana ni mistari sambamba, mistari ya kupinda kwa pembe, pembetatu, miraba iliyosimama kwa ncha, na mizunguko ya konokono.

Inafaa kujiuliza kwa nini mstari ufinyangwe badala ya kupakwa tu. Jibu limo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya duara ya zamani ilipata mwanga kwa mlango mmoja. Mwanga huo uliingia chini na kutoka upande mmoja, ukiparuza ukuta badala ya kuuangaza. Katika hali hiyo mstari wa rangi tupu hufifia, lakini mstari ulioinuka hukamata mwanga upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili. Jua linavyosogea, kivuli hupanuka au hupungua, na ukuta uleule huonekana tofauti asubuhi na jioni. Usiku moto wa mekoni huutikisa. Pambo hili lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayekaa ndani kwa muda mrefu, si kwa mpita njia. Ndiyo maana tunaliita pambo la upole: halimwiti mtu, bali humngojea.

4. Ndugu wa karibu na wa mbali: Ankole na Lamu

Gisaka haikuwa peke yake. Katika Ankole, upande wa Uganda, Wahima walipamba kuta za ndani za nyumba zao kwa maumbo ya jiometri. Mwaka 1956 Jumba la Makumbusho la Uganda lilichapisha kijitabu cha Charles Sekintu na Klaus Wachsmann kuhusu maumbo hayo, kikiwa cha kwanza katika mfululizo wake wa machapisho madogo. Umuhimu wa kijitabu hicho ni kwamba kiliingia ndani. Waandishi wake walikubali kwamba ukuta wa nyumba ya mfugaji anayehamahama, nyumba ambayo ingeachwa baada ya muda mfupi, ni kitu cha kuchunguzwa kwa uangalifu uleule wa ngoma au mkuki wa mfalme.

Jambo hilo lina funzo la nadharia. Tumezoea kudhani kwamba watu hupamba kile wanachotarajia kidumu. Mhima alipamba ukuta aliojua kwamba angeuacha. Kwa hiyo lililodumu halikuwa ukuta bali maarifa: mkono ulihama na kundi, na penye nyumba mpya palipata migongo mipya. Ng'ombe waliokuwa sababu ya kuhama ndio hao hao waliotoa samadi ya kupambia. Ufugaji, makazi na sanaa vilikuwa mduara mmoja.

Tukitazama mbali zaidi, hadi pwani, tunakuta fikra inayofanana iliyofikiwa kwa njia nyingine kabisa. Katika majumba ya mawe ya Lamu, mengi yakiwa ya karne ya 18, vyumba hufuatana kutoka kiwanda cha wazi kwenda ndani, na kila hatua mwanga hupungua. Upana wa chumba uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, hivyo vyumba ni virefu na vyembamba. Katika chumba kiitwacho ndani, ukuta wa mwisho hujaa zidaka, na kuta huzungukwa na mikanda ya nakshi iliyochongwa katika lipu ya chokaa. Chokaa hiyo hutokana na matumbawe yaliyochomwa na kuzimwa kwa maji. Nakshi ni nyeupe juu ya ukuta mweupe. Hakuna rangi ya kuitenganisha na mandhari yake. Kinachoitenganisha ni kivuli tu.

Hatudai kwamba Lamu iliifundisha Gisaka wala Gisaka Lamu. Vitu ni tofauti, mafundi ni tofauti, na jamii ni tofauti: kule mwungwana wa mjini mwenye jumba la mawe, huku mkulima na mfugaji. Tunachodai ni kwamba tatizo lilikuwa moja, yaani namna ya kupamba chumba chenye mwanga haba, na kwamba pande zote mbili zililitatua kwa kuuinua au kuuchimba mstari badala ya kuzidisha rangi.

5. Kutoka ukutani hadi karatasini

Sanaa ya ukutani ya Kongo ilipata jina katika ulimwengu wa nje pale tu ilipoondoka ukutani. Mwaka 1926 Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliona nyumba zilizochorwa huko Bukama, Katanga, akamtafuta mchoraji wake. Alikuwa Albert Lubaki, aliyekuwa pia mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, kisha Geneva na Paris. Mke wake Antoinette naye alichora, na huko Kasai Thiry alimpata mchoraji mwingine, Djilatendo. Baada ya miaka ya 1930 majina haya yalififia, mpaka wachunguzi wa baadaye walipoyafufua. Maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 2015 yaliwaweka mwanzoni kabisa mwa historia ya uchoraji wa kisasa wa Kongo.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kugunduliwa. Kwa mwanahistoria wa kuta ni kisa cha hasara pia. Karatasi zilihifadhiwa, kuta zilianguka. Picha zilipewa tarehe na sahihi, lakini uhusiano wao na nyumba, yaani zilikuwa upande gani wa mlango, nani alizitazama, zilifanywa upya lini, ulikatika. Huko kaskazini, katika nchi ya Wamangbetu, mambo yalikwenda kinyume lakini kwa matokeo yanayokaribiana. Kijiji cha Ekibondo kilipata sifa kwa kuta zake zilizochorwa, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni kilikuwa kituo cha watalii na wapiga picha. Hapo michoro ilibaki ukutani, lakini macho yaliyolengwa yalikuwa yamebadilika: ukuta ulianza kumtazama mgeni.

Tofauti ya ukuta wa ndani inajitokeza wazi tukiulinganisha na mifano hii miwili. Mstari wa ndani haukuweza kubebwa wala kutalii. Faida yake ilikuwa kwamba ulibaki mali ya wenye nyumba. Hasara yake ilikuwa kwamba ulikosa shahidi.

6. Ukuta wa rangi mbili

Katika nyanda za juu za Lubero mstari unaoonekana zaidi leo ni mwingine. Mtu akiingia katika darasa, zahanati, ofisi ya parokia au sebule ya nyumba ya matofali, huko Luofu au Butembo, mara nyingi atakuta ukuta uliogawanywa sehemu mbili. Ya chini, inayofika kifuani au begani, imepakwa rangi nzito: kijani, buluu, kahawia au kijivu. Ya juu ni nyeupe au rangi hafifu. Kati yake unapita mstari mmoja mwembamba, wakati mwingine miwili.

Mstari huu ulikuja na majengo ya misheni na ya serikali ya Kibelgiji. Wamisionari Waasumpsio walianza kazi katika nchi ya Beni na Lubero mwishoni mwa miaka ya 1920, na majengo ya matofali ya kuchoma yakaenea pamoja na shule na hospitali. Katika miji mikubwa, ukiwemo Bukavu, Ofisi ya Miji ya Kiafrika iliyoundwa mwaka 1952 ilijenga nyumba nyingi kwa mpango mmoja. Ukuta wa rangi mbili ulikuwa na sababu zake za kazi. Rangi ya mafuta huoshwa kwa maji na sabuni, hivyo iliwekwa pale ambapo mikono ya watoto, migongo ya viti na matope ya miguu hufika. Lakini ni ghali, hivyo juu, mahali pasipoguswa, palipakwa chokaa. Mahali ambapo vitu hivi viwili vinakutana hapakosi kuwa na mpaka mbaya, kwa kuwa kimoja hung'aa na kingine hunyonya. Mstari uliwekwa kuuficha mpaka huo.

Hivyo ndivyo mstari wa usafi ulivyozaliwa. Hata hivyo historia yake haikuishia katika kanuni za afya. Watu waliosoma katika madarasa hayo, waliotibiwa katika zahanati hizo, na mafundi waliozipaka, waliuchukua mstari wakauingiza majumbani mwao, mahali ambapo hakuna aliyewaamuru. Hapo ulibadilika. Uliacha kuficha ukaanza kupamba. Rangi ilichaguliwa na mwenye nyumba. Mstari mmoja uliongezwa wa pili, mwembamba zaidi, wa rangi ya tatu. Pembeni mwa dirisha ulipanda na kushuka. Juu ya mlango ulivunjwa kwa umbo la almasi. Fundi aliupima kwa kamba iliyopigwa, kwa kanuni ileile ya ngeu.

Pamoja na hayo kulikuwa na mabadiliko mawili ambayo hatupaswi kuyapitia haraka. La kwanza ni la mkono. Ukuta wa udongo ulisawazishwa na kupambwa na mwanamke wa nyumba, kwa vitu alivyovipata shambani, zizini na mtoni. Ukuta wa rangi ya mafuta hupakwa na fundi mwanamume anayelipwa, kwa kopo lililonunuliwa dukani. Mapambo yalihama kutoka kazi ya nyumbani kwenda soko, na maarifa ya mama hayakuhesabiwa kuwa ufundi. La pili ni la udongo wenyewe. Ukuta wa udongo hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa. Udongo mweupe na chokaa hupumua pamoja nao. Rangi ya mafuta huufunga unyevu ndani, na juu ya ukuta wa potopoto haikawii kutoa malengelenge na kubanduka. Kwa hiyo familia iliyotamani ukuta wa kisasa bila kuwa na matofali ilijikuta na ukuta usiodumu kama rangi wala usiofanyika upya kwa urahisi kama udongo. Kwa nyumba kama hizo, mstari wa udongo mwekundu juu ya udongo mweupe ulibaki kuwa busara ya kifundi, si dalili ya umaskini.

7. Moto na kumbukumbu

Historia tuliyoieleza hadi hapa ingeweza kumalizika kwa kusema kwamba kila kizazi kilikuwa na mstari wake. Matukio ya miaka ya karibuni yanatuzuia kumaliza hivyo.

Nyarubuye, katika nchi ya kale ya Gisaka, ni moja ya sehemu ambazo sanaa ya imigongo ilikuwa hai. Katikati ya Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye waliuawa hapo. Miongoni mwa waliokufa katika nchi hiyo walikuwamo wanawake walioijua kazi ya migongo, na pamoja nao binti ambao wangejifunza. Sanaa iliyopokezanwa kwa mkono haina maktaba ya kuifufua; mnyororo ukikatika mahali pamoja, umekatika. Baada ya mwaka huo wanawake waliobaki, wengi wao wajane, walijikusanya katika ushirika uliopewa jina la Kakira, wakaanza tena kukanda samadi na majivu. Walifanya hivyo juu ya vibao vya mbao vinavyoweza kuuzwa. Migongo ikasafiri hadi hoteli za Kigali na maduka ya Ulaya. Wapo wanaosikitika kwamba imeacha ukuta. Masikitiko hayo yanaeleweka, lakini lazima yapimwe na ukweli huu: bila ya vibao hivyo, pengine leo tungekuwa na jina tu.

Moto uliowaka Rwanda haukukoma mpakani. Baada ya kushindwa, jeshi la zamani na wanamgambo walioshiriki katika mauaji waliingia Kivu pamoja na umati wa wakimbizi, wengi wao wasio na hatia. Masalia ya wapiganaji hao walikuwa miongoni mwa waliounda kundi la FDLR mwaka 2000. Januari na Februari 2009 majeshi ya Kongo na Rwanda yalilishambulia kundi hilo katika Kivu ya Kaskazini, nalo likalipiza kisasi kwa raia. Usiku wa tarehe 17 Aprili 2009 Luofu ilivamiwa. Zaidi ya nyumba 250 zilichomwa, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto walioungua ndani ya nyumba. Hiyo ilikuwa Aprili nyingine, miaka 15 baada ya ile ya Nyarubuye. Wala haikuwa mwisho: mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliitwaa Kanyabayonga, na watu wa kusini mwa Lubero wakashika tena njia ya kukimbia.

Mbele ya kifo cha mtoto, kuzungumzia mstari wa ukutani kunaweza kuonekana kuwa upuuzi. Hatulinganishi mambo hayo. Lakini mwanahistoria hana budi kusema kile ambacho moto huchukua pamoja na uhai. Nyumba ya miti na udongo ikichomwa, paa huanguka, miti ya ukuta huteketea, na udongo uliopakwa hupasuka na kumwagika. Mvua mbili tatu zikinyesha hakuna kilichobaki cha kusomwa. Watu wa nchi za mawe huchimba magofu ya karne nyingi na kukuta rangi kutani. Katika nchi ya udongo, gofu la miaka 10 ni shamba la maharagwe. Ndiyo maana historia ya nyumba zetu haiwezi kungoja wachimbaji wa mambo ya kale. Itaandikwa kutoka kwa watu wakiwa hai, au haitaandikwa.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mstari wa mapambo ndani ya nyumba ulitokana na hali halisi ya chumba: uchache wa mwanga katika Gisaka na Lamu, makutano ya chokaa na rangi ya mafuta katika madarasa ya Kivu. Pili, historia ya mstari huo ni historia ya mikono, na kuhama kwake kutoka kwa mama mwenye nyumba hadi kwa fundi wa kulipwa ni sura ya historia ya uchumi na ya jinsia ambayo haijapewa nafasi yake. Tatu, kudumu kwa sanaa hii hakukutegemea kudumu kwa ukuta. Mhima aliliacha pambo lake na kulifanya upya. Mwanamke wa Nyarubuye alilifanya upya baada ya maafa makubwa kuliko yote.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi iliyo karibu nao. Maneno ya kukandika, kupakala, kutia mfuo na kupiga ngeu, pamoja na majina ya udongo na ya maumbo katika Kinande, Kinyarwanda, Kinyankole na lugha nyingine jirani, yanaweza kukusanywa leo kutoka kwa wazee wa Luofu, wa Butembo na wa Rutshuru, wakiwemo wale walioko katika kambi za waliohama. Mtu aliyekimbia nyumba yake mara tatu hakubeba ukuta. Lakini akiulizwa ulikuwaje, na mstari wake ulipita wapi, atainua mkono na kuonyesha kimo chake hewani.